Sungura Si Pambo: Asili Yake, Safari Yake na Matayarisho ya Kumkaribisha Nyumbani



Kwa kazi yangu ya kushona nguo za harusi nakaa na mabibi harusi wengi, na siku hizi katikati ya mazungumzo ya shela, hina na vyombo limeingia jambo jipya: sungura. Mmoja anataka sungura mweupe wa kupigia naye picha. Mwingine ameahidiwa na mchumba wake kwamba wakihamia nyumba yao ataletewa wawili, dume na jike. Mwingine anataka kumnunulia mdogo wake awe zawadi ya Sikukuu. Sina neno na hilo. Sungura ni kiumbe mzuri, hapigi kelele, hujisafisha mwenyewe, na dini yetu haikutukataza kumfuga. Shida ni kwamba wengi tunauliza bei na rangi tu, tunamtia kwenye boksi, na baada ya wiki mbili tatu amekufa na hatujui kilichomuua.

Fundi hakati kitambaa kabla ya kuchukua vipimo. Vipimo vya sungura viko katika historia yake: alikotoka, alikuwa akiishi vipi, na nini kiliwapata watu waliomchukua bila kumjua. Basi tukae kitako tuisome historia hiyo, kisha tuone inatutaka tutayarishe nini.

Jina moja, wanyama wawili

Sisi Waswahili tuna neno moja, sungura, na tunalitumia kwa wanyama wawili mbalimbali. Wa kwanza ni sungura wa porini, yule wa hadithi za bibi zetu, anayemcheza shere simba na fisi. Wazee wa mwambao walimwita pia kitungule. Huyu hachimbi shimo la kuishi. Hulala juu ya ardhi kwenye majani, anategemea mbio zake, na watoto wake huzaliwa wana manyoya na macho yamefunguka. Watu wamemwinda tangu enzi na enzi, lakini hajawahi kuwa mnyama wa nyumbani.

Wa pili ni sungura wa kufuga, huyu tunayemwona kwenye matundu sokoni. Asili yake si huku kwetu. Ni mnyama wa Hispania, Ureno na kusini mwa Ufaransa. Yeye huchimba mashimo na kuishi humo kwa ukoo, na watoto wake huzaliwa uchi, macho yamefumba, ndani ya kiota ambacho mama amekitandika kwa manyoya aliyojinyonyoa kifuani mwake. Ndugu zangu wenye watoto mtanielewa nikisema huyo ni mama wa kupigiwa mfano.

Hata wataalamu walichelewa kumwelewa. Kwa muda mrefu walimweka kundi moja na panya kwa sababu ya meno yake, mpaka mwaka 1912 Mmarekani James Gidley alipoeleza kwamba sungura na jamaa zake wanastahili kundi lao peke yao. Sungura ana meno mawili madogo ya ziada yaliyojificha nyuma ya meno ya mbele ya juu, na panya hana. Kwa hiyo shoga yako akikwambia umefuga panya mwenye masikio marefu, una jibu la kumpa.

Kwao ni Andalusi

Ile Andalusi tunayoisoma madrasa, waliyoingia Waislamu mwaka 711 na kubaki na utawala mpaka Granada ilipoanguka mwaka 1492, ndiyo nchi ya mababu wa sungura. Ni nchi yenye kiangazi kikavu, majani mafupi yaliyokauka, na udongo wa kuchimbika. Mchana wa jua sungura hukaa chini ya ardhi kwenye ubaridi. Hutoka alfajiri na magharibi kula.

Wafinisia, wale mabaharia wa Sham ya kale, walifika huko karne nyingi kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (a.s.). Wapo wataalamu wa lugha wanaosema kwamba waliwaona sungura wengi wakadhani ni pimbi wa kwao, wakaiita nchi kwa jina la pimbi, na kutokana na jina hilo ndipo Warumi wakapata “Hispania”. Wengine wanalipinga hilo. Lakini lina ladha kwetu visiwani, maana jamaa wa pimbi tunaye: ni perere, yule anayepiga kelele usiku katika msitu wa Jozani.

Warumi nao walipoitwaa nchi hiyo wakaanza kuwaweka sungura kwenye bustani zilizozungushiwa ukuta. Mwandishi wao Varro aliandika habari za bustani hizo zaidi ya miaka 2000 iliyopita. Lengo lao lilikuwa nyama tu. Nyinyi mtaambiwa pia kwamba watawa wa Kifaransa ndio waliomfanya sungura awe wa nyumbani mwaka 600, baada ya papa kuruhusu watoto wa sungura waliwe wakati wa mfungo wao. Hadithi hiyo imeandikwa katika vitabu vingi, lakini mwaka 2018 watafiti walifuatilia maandiko ya asili wakakuta hakuna amri kama hiyo. Ukweli ni kwamba sungura alizoea watu polepole, kizazi kwa kizazi, na hakuna siku moja unayoweza kusema ndiyo aliyofugwa.

Mwaka huohuo wa 2018 watafiti wengine walipima ubongo wa sungura wa kufuga na wa mwituni kwa mashine za hospitali. Wakaona kwamba kwa yule wa kufuga, sehemu ya ubongo inayohusika na hofu imepungua, na ile inayotuliza hofu imeongezeka. Imepungua, haikuondoka. Hilo liwekeni moyoni: sungura wako ni mnyama aliyekuwa akiliwa na mwewe, mbweha na watu, na bado anaishi kama mwenye kuwindwa.

Nyumba ya Bi Umm Sulaym

Sasa tuje kwenye dini yetu, maana kuna nyumba moja ya Madina inayotufunza mambo mawili kwa pamoja.

Anas bin Malik (r.a.) amesimulia kwamba walimfukuza sungura mahali paitwapo Marr al-Dhahran, watu wakakimbia mpaka wakachoka, yeye akamkamata. Akampeleka kwa Abu Talha, mume wa mama yake, akamchinja na kupeleka mapaja yake kwa Mtume (s.a.w.), naye akayapokea. Hadithi hii iko kwa Bukhari na Muslim, na kwayo wanavyuoni wengi wamesema nyama ya sungura ni halali. Yule alikuwa sungura wa porini wa Uarabuni, lakini hukumu wanavyuoni wameitumia kwa wote wawili.

Mama yake Anas ni Umm Sulaym (r.a.), na mabibi harusi wanapaswa kulijua jina hili. Abu Talha alipomposa alikuwa bado hajasilimu, na bibi huyu hakutaka dhahabu wala fedha. Mahari yake ikawa ni Uislamu wa mumewe. Katika nyumba hiyohiyo alizaliwa mtoto mdogo aliyeitwa Abu Umayr, ambaye alikuwa na ndege wake wa kuchezea. Ndege akafa. Mtume (s.a.w.) alipofika na kumkuta mtoto kanuna, akamtania kwa upole, akimuuliza habari za ndege wake, ili amliwaze.

Tazameni basi. Nyumba moja iliyokula nyama ya sungura ndiyo iliyomruhusu mtoto awe na ndege wa kumpenda, na Mtume (s.a.w.) hakulikataza hilo wala hakuyadharau machozi ya mtoto kwa ajili ya kiumbe kidogo. Mwanachuoni wa madhehebu ya Shafi, Ibn al-Qass, aliandika kijitabu kizima kuhusu kisa hiki na kutoa humo faida zaidi ya 60. Moja ya mambo ambayo wanavyuoni wameyapata hapo ni ruhusa ya kuweka mnyama nyumbani kwa sharti la kumlisha na kutomtesa.

Upande wa pili mnaujua. Yule mwanamke aliyemfungia paka, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie, aliingia motoni kwa sababu yake. Sungura aliye ndani ya tundu yuko katika hali ileile ya paka yule: hawezi kujitafutia. Ukishafunga mlango wa tundu, riziki yake Mwenyezi Mungu ameipitishia mkononi mwako.

Visiwa vilivyoliwa na sungura

Historia ya sungura visiwani ingetosha kututia adabu. Katika visiwa vya Balearic, pwani ya Hispania, sungura walizidi mpaka mavuno yakaisha. Mwandishi wa Kirumi Pliny anaeleza kuwa wakazi walimwomba mfalme Augustus awaletee askari wa kupambana nao. Hebu fikirini, jeshi la Rumi dhidi ya sungura!

Katika miaka ya 1420 Mreno Bartolomeu Perestrelo alipelekwa kukalisha watu kisiwa cha Porto Santo, karibu na Madeira. Alichukua sungura jike aliyezaa njiani, chomboni. Walipofika akamwachia yeye na watoto wake. Kisiwa hakikuwa na mnyama wa kuwala, na muda si muda kila kilichopandwa kikaliwa, mpaka walowezi wakashindwa kulima na kuhamia Madeira.

Kisa kikubwa zaidi ni cha Australia. Mwaka 1859 tajiri mmoja, Thomas Austin, aliletewa sungura 24 kutoka Uingereza akawaachia kwenye shamba lake karibu na Geelong ili apate wa kuwinda. Kufikia mwanzo wa karne ya 20 walikuwa wamevuka bara zima kuelekea magharibi, na serikali ya Australia ya Magharibi ikajenga uzio kati ya mwaka 1901 na 1907. Sehemu ndefu kuliko zote ya uzio huo ilikuwa na kilomita 1,833. Sungura wakapita hata hivyo. Mwaka 1950 wakaletewa ugonjwa wa virusi makusudi ili wapungue, wakafa kwa mamilioni.

Sababu iko wazi kwa kila anayejua uzazi wa mnyama huyu. Jike hubeba mimba mwezi mmoja tu, huzaa watoto kadhaa, na anaweza kushika mimba nyingine siku ileile aliyozaa. Kwa hiyo yule bibi harusi aliyeahidiwa dume na jike ajue kwamba ameahidiwa ukoo mzima. Na ukichoka, usithubutu kuwaachia msituni au mashambani. Ama wataliwa na mbwa na kunguru siku ileile, ama watakula muhogo wa jirani.

Kutoka kwenye sufuria mpaka sebuleni

Wanawake tuna sehemu yetu katika historia ya kumpenda sungura bila kumtaka kitoweo. Mwaka 1387 askofu mmoja wa Uingereza, William wa Wykeham, aliwaandikia watawa wa kike wa Romsey kuwalaumu kwamba wanaingia kanisani na ndege, sungura na mbwa wao, wakaacha ibada na kuwashughulikia wanyama. Miaka zaidi ya 600 iliyopita, kwa hiyo, wapo wanawake waliokuwa wakiwabeba sungura kwapani kwa mapenzi tu.

Japani nako kulitokea jambo la kuzingatia. Miaka ya 1872 na 1873 sungura wa kigeni waligeuka fasheni kubwa Tokyo. Watu walikutana kuwaonyesha na kuwapigia mnada, wale wenye madoa mazuri wakapanda bei kupita kiasi. Serikali ikaona watu wanafilisika, ikatoza kodi ya yeni moja kila mwezi kwa kila sungura. Bei ikaanguka, na walewale waliokuwa wakigombewa jana wakaachwa, wengi wakaishia kwenye sufuria. Sungura hawakubadilika chochote. Fasheni ndiyo iliyopita.

Kisha akaja Beatrix Potter wa Uingereza, aliyezaliwa London mwaka 1866. Alifuga sungura wawili kwa nyakati tofauti, Benjamin na Peter, akawachora kila siku mpaka akajua kila unyoya wao. Mwaka 1893 alimwandikia mtoto mgonjwa barua yenye picha za sungura aliyevaa koti la buluu. Wachapishaji wakamkatalia, akachapisha mwenyewe kijitabu chake mwaka 1901, na mwaka uliofuata kampuni ikakichukua. Kwa sisi wenye cherehani kuna utamu wa ziada: alibuni na kushona mwenyewe mwanasesere wa sungura huyo, akamsajili kisheria mwaka 1903 ili asiibiwe kazi yake. Huyo ni mfanyabiashara!

Lakini picha ile ya sungura mwenye koti imetudanganya pia. Dunia nzima ikajifunza kumwona sungura kama mwanasesere wa kukumbatiwa na kula karoti. Mpaka leo Marekani, watu hununua sungura kwa ajili ya Pasaka yao, na baada ya sikukuu vituo vya wanyama hupokea wale waliochokwa. Wapo waliosimama kurekebisha hilo. Mwaka 1985 Marinell Harriman wa California aliandika kitabu cha kueleza namna ya kuishi na sungura ndani ya nyumba, na mwaka 1988 kikaanzishwa chama chao, House Rabbit Society. Walichofundisha ni kwamba sungura anaweza kufunzwa kwenda choo chake, akatembea ndani kama paka, na kwamba kizimba cha uani cha peke yake ni kifungo.

Sasa tayarisha nyumba

Kila kitu nitakachokitaja hapa kinatokana na historia hiyo. Fanya haya kabla mnyama hajaingia ndani.

*Ubaridi.* Babu zake walikaa chini ya ardhi mchana. Sungura hatoi jasho kama sisi. Hupoza mwili kwa masikio yake, na joto likizidi nyuzi 28 au 30 yumo hatarini. Kwetu kaskazi hilo ni jambo la kila siku. Kwa hiyo tundu chini ya mabati ni mauti. Mweke chumba chenye upepo na sakafu ya saruji au marumaru, mbali na dirisha la jua. Gandisha maji kwenye chupa, izungushie kanga kuukuu, umlazie pembeni ajiegemeze. Ukimwona anahema kwa mdomo wazi au amelala kalegea na masikio yana moto, mpanguse masikio kwa maji ya kawaida, usimtumbukize kwenye maji, na umwite daktari wa mifugo.

*Nafasi.* Chukua tepu yako. Tundu la kulala linatakiwa limruhusu kuruka hatua tatu mfululizo, na asimame kwa miguu ya nyuma bila masikio kugusa juu. Chini pasiwe na waya mtupu, unamtoboa nyayo. Tandika jamvi kuukuu au maranda. Mpe boksi lenye mlango ajifiche, maana huyo ni wa mashimoni na asiye na pa kujificha hana raha. Kila siku atoke nje ya tundu kwa saa kadhaa.

*Chakula.* Kwao ni majani makavu, na tumbo lake limeumbwa kwa hayo. Sehemu kubwa kabisa ya chakula chake iwe nyasi, mbichi na zilizokaushwa. Ukoka unaota kila mahali kwetu. Kata mahali pasipopitwa na mbwa wala kupigwa dawa, uanike kivulini, uweke ghalani. Meno yake huota maisha yake yote, zaidi ya sentimita 10 kwa mwaka, na kutafuna nyasi ndiko kunakoyapunguza. Ongeza konzi ya majani mabichi kila siku: mrehani, kotmiri, majani ya karoti. Ndiyo, mrehani uleule unaojifukizia. Karoti yenyewe na matunda ni kama halua, kipande kidogo mara moja moja. Usimpe mkate, wali, ugali, biskuti, viazi, maharage, vitunguu wala parachichi. Maji yawe kwenye bakuli zito la udongo asilolipindua.

Ukimwona alfajiri anakula kinyesi laini kutoka nyuma yake, usishtuke wala usimzuie. Hivyo ndivyo alivyoumbwa: chakula hupita tumboni mara mbili. La kukutisha ni akiacha kula. Sungura akipitisha nusu siku bila kula wala kutoa choo ni dharura, kwa sababu hawezi kutapika na tumbo lake hufunga haraka.

*Kumshika.* Sokoni utamwona muuzaji amemning’iniza kwa masikio. Usikubali. Uti wake wa mgongo ni mwepesi kuvunjika, hata kwa teke lake mwenyewe akipaparika. Mkono mmoja chini ya kifua, mwingine unabeba makalio, umgandamize kifuani kwako. Siku za mwanzo usimbebe kabisa. Kaa chini sakafuni, umwache aje mwenyewe. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na sungura mgeni hakosi hofu. Watoto wafunzwe hivyo kabla hajaja.

*Mwenzake.* Ni mnyama wa ukoo, na peke yake hunyong’onyea. Wawili ni bora, lakini si dume na jike wasiotengenezwa. Majike wawili waliolelewa pamoja tangu wadogo huelewana zaidi kuliko madume wawili, ambao hupigana mpaka kutoana damu. Muulize daktari wa mifugo juu ya kuwafunga uzazi, kwa sababu majike wasiofungwa hupata sana saratani ya kizazi wakizeeka. Kwa upande wa dini wanavyuoni wana maelezo katika jambo hilo. Muulize sheikh wako kabla.

*Udi na tohara.* Chumba cha bibi harusi hakikosi udi na ubani, lakini mapafu ya sungura ni dhaifu kwa moshi. Ukifukiza, mtoe chumba kingine mpaka moshi utoke. Funika nyaya za umeme, funga kabati la nguo, inua mikeka ya ukindu: vyote kwake ni vya kutafuna. Usije ukamlaumu kwa shela lenye tundu. Na katika madhehebu yetu ya Shafi, mkojo na kinyesi cha mnyama ni najisi hata kama nyama yake ni halali. Kwa hiyo mahali pa kuswali pawe mbali naye. Msaidie kwa beseni pana lenye maranda chini na nyasi juu, uliweke pale anapopenda kwenda haja. Atalizoea kwa siku chache. Unyoya wake uliodondoka akiwa hai haunajisi nguo, kwa hiyo usipate wasiwasi kila ukiuona kwenye mtandio.

Kabla ya kusema ndiyo

Sungura anayetunzwa vizuri huishi miaka 8 mpaka 12. Bibi harusi wa leo, hesabu. Mwenyezi Mungu akikujaalia, sungura huyo atakuwa hai mpaka mtoto wako wa kwanza aanze skuli. Atakuwepo ukiwa na mimba ya kichefuchefu, ukiwa katika arubaini, ukihama nyumba, ukisafiri Umra. Nani atakata ukoka siku hizo? Jibu la swali hilo lipatikane kabla ya sungura.

Zungumza na mumeo, na kama mtaishi kwa wazee, muombe mavyaa ruhusa. Nyumba ni yake, na ukimshirikisha mwanzo huenda akawa yeye ndiye anayemkatia majani. Ulizia mapema ni daktari gani wa mifugo aliye karibu anayejua sungura. Tenga kiasi kidogo kila mwezi kwa ajili yake. Kama ni zawadi, mpe mtu sungura pale tu ambapo yeye na wazazi wake wamekubali kwa vinywa vyao. Vinginevyo mpe kanga.

Na kama umepima ukaona huwezi kwa sasa, hakuna aibu. Kumwacha mnyama alipo ni bora kuliko kumleta afe mikononi mwako kwa ajili ya picha moja. Lakini ukiona unaweza, basi anza leo kuanika nyasi. Wiki mbili za kuanika ukoka na kusafisha kona ya tundu tupu zitakuonyesha kama una subira ya miaka 10, na sungura akiingia atakuta kwake tayari.

Mwenyezi Mungu atujaalie huruma kwa viumbe wake, azijaze nyumba za mabibi harusi wetu mapenzi na utulivu, na atusaidie kutimiza kila amana anayotupa, kubwa na ndogo. Amin.

Wabillahi tawfiq.